Novena ya Don Wilfrido

Ña Deolinda Cañete hakuomba kazi ya kuwasalia wafu. Ilimwangukia tu. Mama mkwe wake ndiye aliyekuwa mwongoza sala wa Kurupay, kijiji chetu, na bibi yule alipozeeka akaanza kupotea katikati ya litania, akawa anamwita Bikira Maria kwa majina ya ng'ombe wake. Watu matangani waliona aibu kucheka, wakaona aibu kunyamaza. Siku moja mtu akanong'ona, "Deo, malizia wewe." Akamalizia. Alikuwa na mimba ya Zunilda, miguu imevimba kama maboga, lakini alisali amesimama mpaka mwisho. Tangu hapo hakuna aliyezikwa kwetu bila sauti yake: wazee, wanawake waliofia uzazini, vichanga, vijana waliogongwa na malori barabara kuu. Padri wa parokia ana vigango vingi na gari bovu. Tukimwona Pasaka, kisha tukamwona tena sikukuu ya Msalaba, tunashukuru. Mengine yote, hizo siku tisa za sala kwa kila marehemu, yaani novena, ni mzigo wa Deolinda.

Mimi ni Bienvenida, jirani yake. Nilimsimamia Zunilda ubatizo, kwa hiyo mbele za watu tunaitana "mzazi mwenzangu", lakini tukiwa wawili yeye ni Deo na mimi ni Venida. Wengine humwita Ña, yaani bibi. Kwenye sala yeye hutangulia na mimi huitikia. Nimeitikia maisha yangu yote ya utu uzima.

Mumewe, Eleuterio, alikwenda Buenos Aires kujenga maghorofa ya watu, akarudi na mgongo mbovu, na baadaye kiharusi kikampooza upande mmoja. Tangu hapo Deo ndiye anayemwogesha, anayemlisha, anayemgeuza kitandani. Zunilda naye yuko Hispania, kazi yake ni kumtunza kikongwe mmoja mwenye mbwa wawili. Deo husema, "Binti yangu anaosha mzee wa watu kule, mimi naosha mzee wangu hapa. Tungebadilishana tu, tukaokoa nauli." Anasema hivyo akicheka, kisha kicheko kinakatika na anaendelea kumenya muhogo.

Sasa nisimulie habari ya Don Wilfrido Ortigoza.

Wilfrido alikuwa mwenyekiti wetu tulipokuwa tunaishi chini ya nailoni nyeusi kando ya barabara, tukidai ardhi ya ranchi iliyokuwa imelala bure. Polisi walitufukuza, tukarudi. Wakachoma mahema, tukarudi. Alikuwa na diski ya jembe la trekta la zamani aliyoitundika kwenye mti, akiona vumbi la magari ya polisi anaigonga kwa chuma, nasi tunabeba watoto na kukimbilia msituni. Mkewe, Porfiria, alipika chungu kimoja na Deo kwa muda wote huo. Serikali ilipotugawia viwanja mwishowe, Wilfrido alipanda juu ya mkokoteni akapiga kelele mpaka mishipa ikamtoka: "Hapa tumefika! Atakayeuza, nimsikie mwenyewe!" Tulimpigia makofi tukalia.

Pamba ilitulisha kwa miaka kadhaa, kisha ikatugeuka. Bei ikaanguka, wadudu wakaja, wanunuzi wakaacha kufika. Ndipo wakatokea watu wa soya na magari yao mapya, wakienda nyumba hadi nyumba, wapole, wakinywa maji yetu na kusifia watoto. Na mwaka huohuo figo za Porfiria zikafa. Hospitali kule Asunción, mji mkuu wetu, ilitaka hiki na kile, kila siku kitu kipya. Wilfrido akauza. Yeye, mwenyekiti, ndiye wa kwanza kuuza.

Asubuhi walipokuwa wanapakia kitanda na kuku kwenye lori, Deo alivuka shamba na mabuti yake ya mvua, kisu cha muhogo bado mkononi. Sote tulikuwepo. Akamwambia, "Wilfrido, Porfiria nitamsalia popote atakapofia. Lakini wewe, siku ukifa, usiletwe kwangu. Sitafungua mdomo." Wilfrido akaendelea kufunga kamba. Porfiria, ndani ya lori, alijifunika uso kwa taulo.

Hazikupita mvua mbili, Porfiria akaletwa amekufa. Deo alimsalia siku zote tisa, kama alivyosema. Wilfrido alisimama nje ya kikanisa, kofia mkononi, hakuingia hata jioni moja. Baada ya novena akarudi mjini.

Baada yake Kurupay ikawa kama mkeka uliokatika ukindu: mmoja alichomoka, wa pembeni akalegea. Jirani akiuza, soya inafika kwenye ua wako. Mashine inanyunyizia dawa, upepo unaileta kwako, kuku wanakufa, majani ya muhogo yanajikunja, mtoto anatoka vipele. Unavumilia msimu huu, msimu ujao unauza. Wakaenda pembezoni mwa Asunción, wakaenda Buenos Aires, wakaenda Hispania. Shule ikabaki na mwalimu mmoja, kisha ikabaki na kufuli. Uwanja wa mpira ukalimwa. Kikanisa na makaburi vikabaki katikati ya soya kama kisiwa, na nyumba zetu chache zikiwa zimekaa pembeni.

Don Wilfrido aliletwa mwezi wa Januari, joto la kuyeyusha mishumaa. Mimi na Deo tulikuwa chini ya upenu wa jiko lake, tunapokezana kikombe cha terere, yale majani makavu tunayoyamwagia maji baridi na kunyonya kwa mrija, beseni la muhogo katikati yetu. Gari dogo la mizigo likasimama. Akashuka Aparicio, kitindamimba wa Wilfrido, ambaye siku hizi ni mlinzi wa duka kubwa mjini, na mkewe Liduvina, mwanamke wa mjini, viatu vyake havikuwa vya udongo wetu. Nyuma ya gari kulikuwa na sanduku limefunikwa blanketi.

"Shikamoo, mama," alisema Aparicio.

"Marahaba. Umenenepa."

"Ni mji, mama. Tunakula unga tu."

"Na huyo uliyemfunika blanketi joto lote hili?"

Aparicio akavua kofia. "Ni baba."

Deo aliendelea kumenya. Ganda refu la muhogo likaanguka miguuni pake. "Anataka kulala na Porfiria."

"Ndivyo alivyosema."

"Basi lichimbwe shimo. Makaburi si yangu."

"Na sala, mama?"

"Sala nilishasema, Aparicio. Ulikuwepo. Ulikuwa umebeba kuku."

Liduvina hakuvumilia. "Bibi, tumetoka na maiti alfajiri, jua linatuchoma na sisi na yeye. Kama ni kisasi tuambie, tujue."

Deo alicheka, kicheko cha puani. "Kisasi? Mwanangu, kisasi kinataka nguvu. Nikipata nguvu za ziada nitaanza kuezeka banda la nguruwe."

Nilimvuta pembeni. "Deo, watu watasema."

"Watu gani, Venida? Nitajie."

Nikaanza kuwataja moyoni, nyumba hii, nyumba ile. Vidole vya mkono mmoja vilinitosha.

"Unaona?" akasema. Alikuwa ameegemea nguzo, macho yamefumba. "Wala si hasira. Hasira iliniisha wakati wa Porfiria, nikimwona yule mwanamume kasimama juani na kofia yake. Ni hizo siku tisa. Niamke nimgeuze Eleuterio, nikamue, nipalilie, nipike, nimwogeshe, halafu jioni nipige magoti nimwambie Mungu maneno yaleyale, na wa kuniitikia ni wewe na mbwa."

"Mbwa haitikii."

"Angalau hasinzii."

Basi Eleuterio, kwenye kiti chake mlangoni, akatoa sauti. Ulimi wake ni mzito, inabidi umsubiri. Tulimsubiri sote, hata Liduvina.

"Ali... nibeba."

Hilo nalo kila mtu alilijua. Siku polisi walipochoma mahema, Eleuterio alipigwa rungu la goti, na Wilfrido alimbeba mgongoni mpaka ng'ambo ya kijito.

"Najua alikubeba," Deo alimjibu. "Nilikuwa nyuma yenu na sufuria kichwani." Akakitupa kisu kwenye beseni, maji yakaruka. Akanawa mikono taratibu, kidole kimoja kimoja. "Siku moja," akamwambia Aparicio. "Ya maziko tu. Baada ya hapo mtafute mwingine, au msalie wenyewe, mdomo mnao."

Tulimzika jioni hiyo. Kwetu msalaba haukai uchi, lazima uvikwe kitambaa cheupe, na hawa wa mjini hawakuwa wamekuja nacho. Deo aliingia ndani akatoa foronya, akaipiga pasi ya mkaa, akaitundika mwenyewe. Alisali kwa sauti kavu, bila kutua, kama mtu anayesoma bei. Tukaondoka.

Kesho yake jioni nilikwenda kikanisani kuwasha mshumaa, nikijua nitasali peke yangu na wale wawili. Nikasikia gurudumu linalia njiani. Alikuwa ni Deo, anasukuma toroli, na ndani ya toroli, juu ya mto, amekaa Eleuterio na kofia yake ya Jumapili.

"Usiseme neno," akaniambia.

Nikashika mpini mmoja wa toroli.

Jioni ya kwanza tulikuwa hivyo, Deo, mimi, Eleuterio, Aparicio na mkewe, pamoja na Don Secundino, jirani yetu kiziwi anayeitikia "Utuombee" hata pale tunapotaja Mungu Baba. Jioni ya pili vivyo hivyo. Aparicio alikuwa na ruhusa fupi kazini, akarudi mjini, akamwacha Liduvina kwangu. Jioni ya tatu tulikuwa tumefika tendo la tatu la rozari, Deo akasema "Salamu Maria, umejaa..." na hapo akakoma.

Nilidhani anakohoa. Nikangoja. Alikuwa amepiga magoti, mikono juu ya benchi, macho wazi yakitazama ukuta. Midomo haikusogea. Nimemwona Deo akisali na homa, nimemwona akisali siku aliyopoteza mimba, lakini sijawahi kumwona amekauka namna ile. Liduvina alinitazama. Nami, ambaye maneno nayajua yote, sikuweza hata kuanza, maana maisha yangu yote yeye ndiye huanza.

Ndipo sauti ya kigeni ikatoka mlangoni, taratibu, ikisali Baba Yetu kwa Kireno.

Alikuwa Ivonete, mke wa Neuri, dereva wa mashine za soya. Wabrazili wale walikuwa wamehamia mwaka uliotangulia kwenye nyumba ya mbao ya tajiri wa shamba. Tulikuwa tunawasalimia kwa kuinua kidevu, basi. Alikuwa anamfuata mbuzi wake aliyeingia makaburini, kamba mkononi. Alisali mpaka mwisho, sisi tukajiunga naye kwa lugha yetu, na Deo naye akafumbua mdomo kwenye "utusamehe". Tukamaliza.

Nje, Deo alimwuliza, "Wewe si mlokole?"

"Ndiyo, bibi." Alisema lugha yetu kwa kuokoteza. "Sisi hatuombei waliokufa. Mchungaji anasema mlango umeshafungwa."

"Na walio hai mnawaombea?"

"Hao sana."

"Basi njoo uwaombee walio hai. Tuko wanne na nusu," na akamwonyesha Eleuterio kwenye toroli. Eleuterio alicheka kwa upande wake mmoja mzima.

Ivonete akawa anakuja. Hakugusa rozari, alikaa benchi la nyuma, sisi tukisema yetu, yeye akinong'ona yake. Liduvina, ambaye kwao mjini hakuwa mtu wa kanisa, aliniuliza kama inaruhusiwa. Nikamwambia wa kukataza yuko parokiani na gari lake halijapona.

Jioni ya sita upepo wa kusini uliinuka ghafla. Tulikuwa tendo la nne tuliposikia mashine ile ya dawa, yenye mabawa marefu, inakuja upande wetu, na mara harufu chungu ikaingia madirishani. Liduvina akaanza kukohoa mpaka akatoka machozi. Eleuterio, ambaye hawezi kujifuta, alikaa na macho mekundu yanayomwagika. Deo alisimama, akamfuta kwa pindo la gauni lake, akamtazama. Kisha akabeba kiti.

Nilidhani anakwenda kupiga kelele. Siku za nailoni alikuwa na mdomo wa kuwafukuza polisi. Hakupiga kelele. Alikwenda hadi kwenye njia ya mashine, akaweka kiti katikati ya nyayo za magurudumu, akakaa. Hakuwa na magoti ya kusimama. Akaendelea na rozari pale alipoachia.

Neuri alifunga breki. Alikuwa kijana mrefu mwenye kitambaa puani, akateremka akiwa amekasirika, kisha akaona ni nani.

"Bibi, tafadhali. Nimebakiza mistari michache."

"Na mimi nimebakiza matendo mawili."

"Bosi ataniua."

"Akikuua nitakusalia. Siku tisa, hulipi kitu."

Neuri alitaka kucheka akajizuia. Alimwona mkewe kati yetu, ameziba mdomo kwa kiganja. "Na wewe uko huku?" Neuri akapiga simu. Tulisikia sauti ya tajiri ikipasuka ndani ya simu hata pale tulipokuwa. Neuri alisikiliza, akasema "ndiyo, bosi, ndiyo," akatia simu mfukoni. "Upepo ukiwa hivi," akasema, bila kumtazama mtu, "hata mimi nikifika nyumbani natapika." Akapanda, akazima injini.

Tukatoa viti vyote, tukamsukuma Eleuterio kwenye toroli, tukamalizia sala palepale, soya kulia na kushoto. Neuri alisimama na kofia mkononi. Tuliposema "apumzike kwa amani", alisema amina kabla yetu.

Ningependa kuishia hapo. Jioni ya nane Ivonete alikuja mapema, kabla ya mshumaa kuwashwa, macho yamevimba. Tajiri ametaka nyumba yake. Neuri hana kazi.

Deo alikaa kwenye benchi. "Ni kwa sababu yangu."

"Ni kwa sababu ya bosi," alisema Ivonete. Akafikiri kidogo, mwanamke mkweli. "Na wewe kidogo."

"Mnakwenda wapi?"

"Chaco. Shemeji yangu anachunga ng'ombe wa watu huko."

"Kuna maji?"

"Anasema yapo ya chumvi."

Deo alijipiga paja. "Nimekaa pale nikidhani namzuia tajiri. Tajiri hata hanijui jina. Niliyemzuia ni huyu kijana anayetapika." Alisema hivyo kwa sauti ya chini, akinitazama mimi kana kwamba ninaweza kumjibu.

Ivonete akamwuliza, "Bibi, wewe nani anakuombea?"

"Mimi? Kwani nimekufa?"

Ivonete hakucheka. Alimwekea Deo mkono kichwani, jinsi wao wanavyofanya, akaanza kuomba kwa Kireno, kwanza polepole, kisha kwa nguvu, akimwita Mungu kama mtu anayegombana na afisa wa ardhi. Tulishika jina la Deolinda, likarudi tena na tena, na neno la kuchoka, ambalo kwa lugha zote mbili halitofautiani sana. Alitaja mgongo wake, magoti yake, mume wake, binti yake aliye mbali. Deo alikaa amekakamaa mwanzoni, kama mtoto anayechanwa nywele. Baadaye mabega yakashuka. Machozi yalimtoka bila sauti, akayaacha yatiririke mpaka kidevuni.

Nilisimama pale nikitambua kwamba sijawahi kumwombea Deo. Nilikuwa nikiitikia tu.

Siku ya tisa walikuja. Aparicio alikuwa ametangaza mjini, na watu wa Kurupay ya zamani wakakodi lori, wakaja na wajukuu, na spika, na chupa za soda. Sisi tulikuwa tumeamka alfajiri kuoka chipa, mikate yetu ya wanga wa muhogo, kwenye tanuri la udongo, jibini na anisi vikinukia mpaka makaburini, na Don Secundino alichinja nguruwe. Kikanisa kilijaa watu wakasimama nje. Deo alipotangulia, wakaitikia kwa kishindo, popo wakatoka darini. Sauti yake ya zamani ikamrudia. Liduvina alikuwa anaitikia kuwapita wote, na makosa yake yote.

Baada ya kula, mmoja wa waliouza miaka ile, mwanamume mwenye saa kubwa, alimshika Deo mabega. "Ña Deo! Wewe ukiwepo hapa, sisi tuna pa kurudi."

Deo alimkatia chipa nyingine. Mtu yule aliposogea, Deo akaniambia, "Wanarudi, ndiyo. Wakiwa ndani ya sanduku."

Jua halijazama lori likaondoka na nyimbo zake. Tulifagia mifupa na vifuniko vya chupa. Liduvina alimkumbatia Deo kwa muda mrefu, akamwomba aje kuishi nao mjini, kuna chumba cha nyuma. Deo akamwuliza kama mlango wake unapitisha toroli. Asubuhi iliyofuata wale Wabrazili walipita na gari lililojaa magodoro, mbuzi amefungwa juu. Deo aliwapa kuku anayeatamia, na mayai yake, ndani ya kikapu. Hatujasikia habari zao. Simu ya Ivonete inaita, kisha inakata.

Mwezi wa Mei, sikukuu ya Msalaba, padri alifika. Alituuliza, kama kawaida yake, tuombee nini mwaka huu. Watu wakasema: mvua. Watoto walio nje wapate vibali. Kazi. Mwalimu arudi. Wanaume waache pombe. Wakubwa waache kuiba. Walio na kipande cha ardhi wasikiuze. Padri alikuwa anatikisa kichwa kwa kila moja, akiwa amezizoea. Akamgeukia Deo. "Na wewe, mama?"

"Usingizi," alisema Deo. "Na mtu wa kuitikia."

Padri alicheka. Kisha akamwona uso, akaacha kucheka. Aliinamisha kichwa, kijana yule, na aliposema "Tuombe," sauti yake haikuwa ya kawaida. Tukajibu, wachache tulivyokuwa: "Ee Bwana, twakuomba utusikie."

Eleuterio alifariki Agosti, baridi kali, asubuhi, Deo akiwa amekwenda kukamua. Zunilda hakuweza kuja. Akitoka Hispania kabla ya karatasi zake kukamilika, hatarudi tena. Alilia kwenye simu mpaka Deo akamwambia, "Basi, mama, nenda kamtazame yule mzee wako, atakuwa hajala."

Mjane hatangulii novena ya mumewe. Kwa hiyo nilitangulia mimi. Niliruka mistari ya litania, nikarudia mingine, sauti yangu ikapasuka kama ya jogoo mchanga. Deo alikaa benchi la mbele na shali yake nyeusi, akawa anaitikia. Hakunisahihisha hata mara moja. Jioni ya tano nilisikia sauti yake imekatika, nikageuka nikiogopa. Alikuwa amelala, kichwa kimeegemea ukuta, mdomo wazi kidogo. Don Secundino alitaka kumgusa bega. Nikamwashiria amwache. Nikashusha sauti, nikaendelea.

Hajatangulia tena tangu hapo, na hakuna aliyemlazimisha. Ardhi hajauza. Watu wa soya bado wanapita na kusifia kuku wake, naye anawapa maji ya kunywa na kuwaaga. Mwaka huu amepanda muhogo nusu tu ya shamba, kwa sababu ya magoti. Alasiri hukaa chini ya upenu wa jiko langu, nami namtolea terere. Juzi nilimwuliza kama anajutia kumsalia Wilfrido.

"Nilikuwa nimeapa," akasema. "Hilo la kuvunja kiapo nitajibu mwenyewe huko juu." Akanirudishia kikombe. "Ongeza maji, Venida. Majani bado yana ladha."